Kilicho Juu ya Dari ya Wadi

Ukiingia katika wadi mpya ya hospitali na kuinua macho, mara nyingi utaona dari nyeupe ya vibao vya sentimita 60 kwa 60. Nafasi iliyo juu ya vibao hivyo ndiyo huamua kama jengo litatumika kwa amani au litaanza kubomolewa kabla rangi haijakauka.

Humo hupita mabomba ya maji taka, mifereji ya hewa, mabomba ya kuzimia moto, ya oksijeni na nyaya za umeme. Kila fundi akija na mchoro wake, wa kwanza hujichukulia nafasi na wa mwisho hutoboa boriti. Kwa hivyo michoro yote hulinganishwa pamoja, siku hizi kwenye kompyuta, kabla ya zege kumwagwa.

Bomba la maji taka hupangwa kwanza kwa sababu ni lazima literemke. Likishuka sentimita 1 kwa kila sentimita 60, mwendo wa mita 12 hula sentimita 20 za kimo. Nyaya hupinda, maji taka hayapandi mlima. Mifereji ya hewa, kwa unene wake, hufuata. Taa huja mwisho, ingawa ndizo wageni husifu siku ya uzinduzi.

Kosa la hapa laweza kuua. Kigunduzi cha moshi kikiwa karibu na tundu linalopuliza hewa, moshi husukumwa kando na king'ora huchelewa. Ukuta wa kuzuia moto nao ukiishia kwenye vibao badala ya kufika kwenye zege la juu, moshi hupita juu kwa juu hadi chumba cha pili, wagonjwa wakiwa wamelala.

Katika Taasisi ya Salk huko California, iliyokamilika 1965, msanifu Louis Kahn aliweka juu ya kila maabara ghorofa nzima ya mabomba, mafundi wafanye kazi bila kuwasumbua watafiti. Wadi ya kaunti haihitaji ghorofa hiyo. Inahitaji kidirisha cha kufikia kila vali.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa nafasi ya kushiriki katika mipango kama hii. Barazani, wengi wetu hutazama picha ya jengo kwa mbele. Omba pia mchoro wa dari, kisha uliza: bomba likivuja juu ya kitanda, fundi atapafungulia wapi?