SOMO: KUONGOZA SI KUAMURU TU



Katika somo hili tunazungumza juu ya namna kiongozi anavyofanya kazi na watu aliopewa. Mara nyingi yeye anaamuru, wengine wanatii. Je, inatosha?

Wazee wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu. Kusafisha barabara na mifereji ni kazi njema, lakini ilikuwa ya lazima. Msimamizi akiwepo, majembe yalipanda na kushuka. Akiondoka, majembe yalilala. Ndiyo maana wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tuliyoyaona kwenye robine

Kabla ya mwaka 2025 tulisindikiza kamati ya maji katika kambi moja ya wahamishwa karibu na Goma. Prezida wake alikuwa mtu mwaminifu na mwenye bidii. Yeye ndiye alishika ufunguo wa robine, alipanga mstari na kukata kila ugomvi. Siku alipougua, hakuna aliyethubutu kufungua. Kesho yake watu walianza kutukanana kwa makabila yao, na mama wengine wakaenda kuchota maji ya Ziwa Kivu bila kuyatia klorini. Sote tunajua kolera: mgonjwa asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Alipopona tuliketi naye. Hatukumlaumu, kwa sababu sisi wenyewe ndio tulimzoesha hivyo. Kila mara tulimletea maagizo yaliyokwisha kuandikwa, naye akayapitisha kwa wengine. Tukakubaliana kujaribu njia nyingine.

Ugomvi ulipotokea tena, prezida hakuamua. Alimwuliza mama mmoja wa kamati: "Mama, wewe unaona tufanye namna gani?" Mama alinyamaza kwanza, maana hakuzoea kuulizwa. Kisha akasema: wajawazito na wazee wachote wa kwanza, na mtu asizidishe bidoni mbili kabla wote hawajapata. Watu walikubali. Baada ya majuma machache, ufunguo ulikuwa ukizunguka kwa watu wanne, wanawake na wanaume, wa makabila tofauti.

Mwezi wa Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilibomolewa, watu wakatawanyika. Kamati ile pia ilivunjika. Lakini wale wanne waliondoka na kitu ambacho hakikuhitaji gari: wanajua kusikiliza pande mbili na kutafuta njia. Amri inabaki kwa aliyeitoa. Ujuzi unahama na mwenye nao.

Hatua nne za kufuata

1. Uliza kabla ya kujibu. Mtu akikuletea shida, mwulize kwanza yeye anaionaje. Kuuliza si ujinga.
2. Onyesha kazi, ifanyeni pamoja, kisha mwachie aifanye peke yake.
3. Akikosea, mrekebishe kando, si mbele ya watu. Mtu aliyeaibishwa hajaribu tena.
4. Gawanya ufunguo. Kila kazi iwe na watu wasiopungua wawili wanaoiweza.

Je, kuamuru ni vibaya?

Hapana. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, wakubwa wa jimbo waliamuru mitaa 10 ya Goma ihame. Saa ya hatari watu wanahitaji sauti moja iliyo wazi. Lakini hatari ikipita, kiongozi arudi kuuliza na kusikiliza. Tena, watu waliozoea kusikilizwa wanaiamini sauti hiyo upesi zaidi siku ya hatari.

Njia hii inachukua muda, na mwanzoni kazi inakwenda polepole. Kiongozi anaweza pia kuogopa kwamba atapoteza heshima. Sisi tumeona kinyume chake: prezida yule watu waliendelea kumwendea, si kwa ajili ya ufunguo tena, bali kwa ajili ya shauri.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ukiugua leo, kazi gani katika kamati yako itasimama?
- Ni nani hajawahi kuulizwa maoni yake? Kwa nini?
- Nyumbani kwako, ni uamuzi gani mdogo unaoweza kumwachia mtoto wako juma hili?