Ukuta wa Moto: Tuchague Milango ya Kufungua

Ofisi ya parokia inapotunza madaftari ya ubatizo na ndoa ndani ya kompyuta, inabeba dhamana ya habari za watu. Katika somo hili tuone jinsi ya kuilinda kompyuta inayotumia Ubuntu, mfumo wa ukoo wa Unix.

Kwanza, anwani. Kompyuta inayohudumia nyingine ipewe anwani isiyobadilika, ili wenzake waikute palepale kila siku. Mipangilio hiyo huandikwa katika faili lililomo ndani ya /etc/netplan. Tukishaandika, tuijaribu hivi:

sudo netplan try

Tusipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya awali hurudi yenyewe.

Pili, ukuta wa moto. Mawasiliano huingia kupitia milango yenye namba, hadi 65535. SSH, njia ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, hutumia mlango 22. Tunaweza kuruhusu yote isipokuwa tuliyoyakataza, au kukataza yote isipokuwa tuliyoyaruhusu. Njia ya kwanza inatudai tumjue kila adui kabla hajafika. Ya pili inatudai tujue mahitaji yetu tu. Tushike ya pili, kwa programu ya ufw:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw enable

Mstari wa tatu unawafungulia mlango 22 walio katika mtandao wa ofisi peke yao. Kama namba za mtandao wenu ni nyingine, wekeni zenu.

Tuzingatie mpangilio. Anayewasha ukuta kupitia SSH kabla ya kujiruhusu mlango 22 anaweza kujifungia nje, na itambidi asafiri hadi ilipo kompyuta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeujenga, lakini nyufa zimebaki: ukuta haumtofautishi katibu na mwizi aliyeketi ofisini akiwa na nywila yake, wala hautibu programu iliyopitwa na wakati. Basi tutunze nywila, tusasishe programu, na mara kwa mara tusome orodha ya ruhusa:

sudo ufw status verbose

Kwa kila mstari tuulize: nani anauhitaji mlango huu? Asipopatikana, tuufunge.