Somo: Mpangaji Aione Barua

Mwezi huu tujifunze jambo lisumbualo nyumba nyingi za kupanga hapa Lushoto. Tuseme mwenye nyumba anamtaka mpangaji ahame, kwa kuwa majirani wameandika barua kwamba anapiga kelele usiku. Mpangaji anaomba kuiona barua. Anajibiwa, "Utaiona huko huko barazani." Je, ni haki?

Sisi tuliokuwa walimu twaijua sana ile orodha ya kiranja ya wapiga kelele. Tuliwaadhibu wengi kwa karatasi ile tu, kumbe pengine kiranja alikuwa na ugomvi wake na mmoja wao. Hatukuuliza. (Na Mithali 18:17 tulikuwa tukiifundisha sisi wenyewe.)

Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo siku hizi hutazamwa sana mapatano ya wawili hao, na wengi hawakuyaandika.

Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, halihukumu tena bali hupatanisha. Zikipita siku 30 bila mapatano, mdai aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko kuliko na jibu letu. Kanuni zake za mwaka 2003 zaruhusu hati ambayo haikuambatishwa na madai ipokelewe siku ya kwanza ya kusikilizwa shauri. Lakini kabla ya kuipokea, Baraza lihakikishe upande wa pili umepewa nakala, tena liangalie kama hati ni ya kweli.

Wala barua peke yake isitegemewe. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yataka aliyesikia kelele ndiye aseme, si aliyesimuliwa, ili mpangaji apate kumwuliza maswali. Hapo jirani huogopa, maana kesho watakutana kwenye bomba moja la maji. Twamwelewa. Lakini mtu na watoto wake watolewaje nje kwa neno la asiyejulikana?

Mwenye nyumba aandike tarehe za kila usumbufu, na nakala za maonyo aziweke. Mpangaji atunze stakabadhi za kodi. Akipewa karatasi mpya siku ile ile ya kikao, asiseme "sawa" kwa haya. Aombe muda wa kuisoma.