Insulini inamwasha mwanangu. Niiache?

SWALI: Daktari, kijana wangu ana miaka 14 na ana kisukari aina ya kwanza. Siku hizi akidungwa insulini pajani anatoka vipele vyekundu vinavyowasha. Jirani anasema tuiache kwanza. Nifanyeje? – Mama, Kimironko, Kigali

JIBU: Mama, usiiache hata siku moja. Mwili wake hautengenezi insulini. Akiikosa, sukari itapanda, damu itajaa asidi, na anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Muwasho una tiba.

Tatizo hili lilianza na dawa yenyewe. Januari 1922, mjini Toronto, mvulana wa rika la mwanao, Leonard Thompson, alidungwa insulini iliyotokana na kongosho la ng'ombe. Ilikuwa na uchafu, akaota jipu. Watafiti hawakukata tamaa: waliisafisha, wakamdunga tena baada ya siku 12, akapata nafuu. Insulini ya leo ni safi mno kuliko ile, na mzio wa kweli umekuwa nadra.

Kwa hiyo tazameni kwanza udungaji. Je, mnasubiri spiriti ikauke? Sindano moja inarudiwa mara ngapi? Mnahama kutoka paja hadi tumbo, au ni palepale kila siku? Uvimbe laini usiowasha kwa kawaida ni mafuta yaliyorundikana kwa kudungwa palepale, wala si mzio.

Kama bado anawashwa, shikeni daftari. Andikeni ni chupa ipi, uvimbe ulitokea baada ya muda gani, ukaisha lini. Ile insulini nyeupe kama maziwa, mnayoibingirisha viganjani kabla ya kuivuta, ina protamini. Ile angavu haina. Akiwashwa na nyeupe peke yake, daktari ana pa kuanzia. Wengine hudhuriwa na kihifadhi kilichomo, kama metakresoli. Daktari anaweza kubadilisha aina, kumpa setirizini, au kumzoesha hospitalini kwa dozi ndogo sana zinazopandishwa taratibu.

Daftari hilo lipelekeni kliniki yenu ya kisukari wiki hii, iwe hospitalini au kwenye Chama cha Kisukari cha Rwanda, ambacho kimewahudumia vijana wengi kama wako.

Lakini akivimba midomo, akitoka vipele mwili mzima, akikoroma kifuani au akizimia, pigeni 912 papo hapo. Anahitaji adrenalini. Mwambieni mhudumu tangu mwanzo kwamba ana kisukari aina ya kwanza, ili wapange mapema atakavyopata insulini yake inayofuata.