Meza za Kifaransa: Mtindo Si Umri

Katika maduka ya samani za kale huuzwa meza ndogo yenye kifuniko cha kioo, miguu iliyopinda na mapambo ya shaba iliyopakwa dhahabu. Kazi yake ni kuonyeshea vito na vitu vidogo vya thamani. Muuzaji huieleza kuwa ni "ya mtindo wa Louis XV", na mnunuzi hudhani kwamba ilitengenezwa enzi za mfalme huyo, aliyetawala Ufaransa mwaka 1715 hadi 1774. Neno "mtindo" hueleza umbo, halielezi umri. Katika tofauti hiyo ndimo fedha nyingi hupotea.

Maseremala wa Paris waliendelea kutengeneza samani za umbo hilo katika karne ya 19 na ya 20. Baadhi ya kazi hizo ni bora mno: François Linke alitunukiwa medali ya dhahabu katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Kwa hiyo kazi ya baadaye si lazima iwe hafifu. Kosa ni kuiuza kwa umri usio wake.

Kabla ya kulipa, tunamshauri mnunuzi:

1. Atazame chini ya meza na ndani ya droo. Michirizi ya nusu duara kwenye mbao ni alama ya msumeno wa mviringo wa mashine, uliokuja kuenea karne ya 19.

2. Achunguze ubao mwembamba uliogandishwa juu. Uliopasuliwa kwa mkono huwa mnene kidogo na usiolingana. Wa mashine huwa mwembamba na sawia.

3. Asitegemee muhuri wa fundi peke yake. Katika karne ya 18 chama cha maseremala wa Paris kiliwataka wanachama wagonge majina yao kwenye kazi zao, lakini mihuri hughushiwa.

4. Aulize aina ya mbao. Miti ya jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, inalindwa na mkataba wa CITES; kuvusha samani zake mpakani kwaweza kuhitaji kibali.

Hatimaye, adai stakabadhi inayotaja kipindi ambacho meza ilitengenezwa, pamoja na sehemu zilizobadilishwa au kukarabatiwa. Muuzaji mwenye uhakika na maneno yake hataona tabu kuyaandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.