Neno na Mwenzake

Wanafunzi, katika somo la leo tutatazama neno moja dogo la Kiingereza, nalo ni take. Kila mtoto aliyefika darasa la tano amekwisha kulijua, na akiulizwa maana yake hujibu pasipo kufikiri, "Kuchukua." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mimi nalijua jinsi lisivyotosha, kwa kuwa lilimtia bibi yangu hatarini.

Nilikuwa mtoto wa umri wenu, nikikaa na bibi yangu mjini Unguja, katika mtaa wa Mkunazini. Bibi akashikwa na homa, nikafuatana naye hospitali. Daktari aliyemtazama alikuwa mgeni, hajajua Kiswahili. Na muuguzi aliyezoea kumfasiria alikuwa ameitwa kwingine. Nami, kwa kuwa nilisifiwa sana shuleni kwa Kiingereza changu, nikajitia mbele kufasiri. Daktari akampa bibi vidonge katika karatasi, akanena, "Take this medicine three times a day, after food." Nikageuka upesi, nikasema, "Bibi, daktari asema uchukue dawa hii mara tatu kila siku, ukiisha kula." Bibi akaitikia, "Vema, mjukuu wangu." Tukarudi nyumbani.

Sasa fikirini. Kwa Kiswahili cha Unguja, kuchukua ni kubeba. Ndiyo sababu mtu abebaye mizigo ya watu bandarini huitwa mchukuzi. Tena dawa kwetu si za namna moja: iko ya kunywa, iko ya kuchua, iko ya kufukiza, na iko ya kuchukuliwa mwilini kama hirizi. Bibi yangu alikuwa mtu wa kutii. Kila alipokwisha kula, asubuhi, mchana na usiku, alikifunga kile kikaratasi katika pindo la kanga yake, akakaa nacho kitambo. Kisha alikifungua, akakirudisha shubakani. Siku ya nne homa ilikuwa imezidi, hata hakuweza kusimama. Majirani wakatusaidia kumpeleka tena hospitali. Muuguzi akaifungua karatasi, akavihesabu vidonge; havikupungua hata kimoja. Akauliza, "Bibi, mbona hukunywa dawa?" Bibi akajibu kwa sauti nyonge, "Kunywa? Niliambiwa niichukue. Nimeichukua."

Niliinamisha kichwa, sikuweza kumtazama mtu usoni. Bibi alikunywa vidonge vyake kama ipasavyo, na kwa rehema za Mungu akapona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, hukusema uongo. Lakini siku nyingine, usipokuwa na hakika, uliza. Kuuliza si ujinga."

Basi kosa langu lilikuwa nini? Nililifasiri neno, sikuifasiri kauli. Kitenzi take hakikai peke yake; maana yake hutoka kwa mwenzake anayefuatana naye. Tazameni kauli hizi kumi:

Take a book: twaa kitabu.
Take medicine: kunywa dawa.
Take a bath: kuoga.
Take a seat: kukaa kitako.
Take a photograph: kupiga picha.
Take care: kujihadhari.
Take leave: kuaga.
Take off a cap: kuvua kofia.
Take after someone: kumshabihi mtu.
Take place: kutukia.

Mwingereza ametumia kitenzi kimoja mara kumi. Sisi tumehitaji vitenzi kumi mbalimbali, wala hakuna hata kimoja kiwezacho kushika mahali pa kingine. Mtu akikuambia kwa Kiingereza ukae kitako, nawe ukachukua kiti ukaenda nacho, watu watacheka. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa si kila kosa la namna hii huishia katika kicheko.

Msije mkadhani, hata hivyo, ya kuwa Kiingereza ni lugha ya ajabu kuliko zote. Lugha yetu nayo ina vitenzi vya namna hiyo, na mgeni hujikwaa kwetu kama sisi tunavyojikwaa kwake. Kilicho maarufu ni kupiga. Mgeni hufundishwa kwanza ya kuwa kupiga ni kutia mtu fimbo au kofi. Kisha asikia ya kuwa mtu amepiga magoti, wala magoti hayakuumia. Mwingine apiga mbio, mwingine apiga hodi mlangoni, mwingine apiga mbizi baharini. Nyumbani mama apiga pasi nguo, na binti apiga deki sakafu. Watu wazima hupiga kura, hupiga simu, hupiga picha. Na aliyefikwa na msiba huambiwa apige moyo konde. Je, mgeni huyu asidhani ya kuwa Waswahili ni watu wa vita?

Mgeni mmoja aliyelielewa jambo hili vizuri alikuwa Edward Steere. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akajifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji wakisema. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kuwafundishia wageni Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na chini ya neno kupiga aliandika kauli nyingi, kila moja na maana yake. Hakutosheka na maana moja akaendelea na safari. Alifanya pia kazi ya kupiga chapa vitabu hapa Unguja, nayo ni kauli nyingine ya kupiga. Mwaka 1874 akawa askofu, na mwaka 1882 akafa. Kaburi lake limo katika kanisa kubwa la Mkunazini alilolijenga mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Yeye aliyekuwa mtu mwenye elimu nyingi hakuona haya kukaa chini kama mtoto na kujifunza kauli kwa kauli. Nasi tusione haya kujifunza Kiingereza kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo shikeni mambo matatu. La kwanza, usijifunze kitenzi peke yake. Kiandike daftarini pamoja na mwenzake. La pili, kabla ya kufasiri, jiulize, "Mtu huyu atafanya nini hasa kwa mkono wake, kwa kinywa chake, au kwa miguu yake?" Kisha tafuta neno ambalo mama yako angelitaja kitendo hicho. La tatu, usipokuwa na hakika, uliza. Na aliyeambiwa naye mwombe akueleze jinsi alivyosikia. Kama ningalimwuliza bibi yangu, "Bibi, utaifanyaje dawa hii?" angalinijibu, nami ningalilitambua kosa langu kabla hatujatoka mlangoni.

Mwenye kufasiri ameaminiwa na watu wawili wasioweza kumsahihisha. Yule hajui atakalosema, na huyu hajui lililosemwa. Basi asiende mbio kwa kutaka kusifiwa.

Maswali

1. Kwa nini bibi hakunywa vidonge, ingawa alitii?
2. Andika maneno ambayo mjukuu alipaswa kumwambia bibi yake.
3. Fasiri kwa Kiswahili: Take off your shoes at the door. The wedding took place on Friday. The boy takes after his grandfather.
4. Tafuta kauli sita za kupiga zisizotajwa katika somo hili. Kisha mweleze mgeni maana ya kila moja pasipo kulitumia neno kupiga.