Pikapu Ikichemsha, Usianze na Spana

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita pikapu ya mjomba wangu ilichemsha mara tatu kwenye mlima Kitonga. Ni pikapu ya dizeli ya zamani. Inabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa, na ndiyo inayonimalizia ada pale bumu linapogota. Mara ya tatu tuliegesha pembeni, mvuke unatoka kwenye boneti, malori yanatupita taratibu kwa gia ndogo. Fundi mmoja aliiangalia dakika mbili tu, akasema, “Gasketi ya hedi hiyo imeungua. Andaeni laki nane.”

Hela hiyo ndiyo iliyokuwa ada yangu ya muhula. Mjomba akanigeukia: “Mjomba, wewe si unasoma Fizikia? Hebu sema kitu.”

Nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, ufundi wa magari sijausomea. Hata hivyo niliomba siku mbili kabla hatujafungua hedi. Niliyojifunza ndani ya siku hizo nayaweka hapa, maana wengi wetu nyumbani kuna gari, trekta au jenereta ya dizeli.

Joto linatoka wapi, linakwenda wapi

Sehemu kubwa ya nishati ya dizeli haifiki kwenye magurudumu, inageuka joto. Sehemu ya joto hilo hutoka na moshi, nyingine huchukuliwa na maji. Pampu inasukuma maji kuzunguka silinda na hedi. Thamostati, ambayo ni mlango unaofunguka wenyewe kwa joto, kwa kawaida kwenye nyuzi 82 hivi, inayaruhusu kwenda kwenye rejeta. Huko upepo na feni vinayapoza, kisha yanarudi.

Kwa hiyo maswali ni manne. Maji yapo ya kutosha? Yanazunguka? Upepo unapita kwenye rejeta? Na je, kuna gesi ya moto inayovuja kutoka kwenye silinda na kuingia kwenye maji? Swali la nne ndilo la gasketi, na ndilo la gharama kubwa. Yule fundi alianzia hapo hapo.

Uliza kwanza inachemsha lini

Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia lina tatizo la upepo: feni, klachi ya feni au mkanda uliolegea. Linalochemsha likiwa kasi au na mzigo, mara nyingi maji hayapiti vizuri au rejeta imeziba. Likichemsha mara tu baada ya kuwashwa, hapo ndipo gasketi inapoanza kushukiwa.

Ya kwetu ilichemsha mlimani ikiwa na mzigo. Tambarare ilikuwa salama. Tena mjomba akasema jambo ambalo nusura nilipuuze: asubuhi, kwenye baridi ya Iringa, mshale wa joto ulichelewa sana kupanda.

Vipimo, cha bei rahisi kwanza

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Usithubutu kuufungua ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni. Angalia kiasi na rangi. Yetu yalikuwa mekundu kwa kutu. Mjomba alikuwa akijaza maji ya kisima miaka yote.

Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Yetu ilikuwa nyeusi tu, kama oili yoyote ya dizeli.

Washa injini mfuniko ukiwa wazi, na ukae pembeni. Mapovu yasiyokatika yanaashiria gesi ya silinda. Hatukuona. Mpira wa juu wa rejeta nao haukukakamaa wakati injini bado ya baridi. Gasketi inayovuja kidogo inaweza kujificha, na ipo dawa ya kupimia inayobadilika rangi ikikutana na gesi hiyo. Lakini mpaka hapo laki nane hazikuwa na ushahidi.

Mkanda ulikuwa imara. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, tulizungusha feni kwa mkono. Ilikuwa nzito, maana yake klachi yake inashika.

Hapo nikaharaka. Nilijua kwamba mfuniko hubana maji yasichemke mapema, na kwamba kwenye mwinuko wa Iringa maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Nikajiona nimemaliza kazi. Nikamnunulisha mjomba mfuniko mpya bila kupima wa zamani. Tukapanda Kitonga, ikachemsha palepale. Mjomba hakusema kitu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko angefoka.

Tulirudi kwenye vipimo. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, nilipitisha kiganja taratibu kwenye rejeta. Juu moto, chini karibu nusu nzima baridi. Imeziba ndani. Tulipofungua nyumba ya thamostati tukakuta tupu. Kuna fundi aliwahi kuitoa “ili gari lipoe”. Ndiyo maana asubuhi injini ilichelewa kupata joto. Na katika baadhi ya injini, kuitoa kunaacha njia ya mkato wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mlima na mzigo, hasara hiyo inaonekana.

Tulichofanya

Fundi rejeta aliifungua, akapitisha vijiti kwenye mirija, akaichomelea upya. Tukaosha mapezi yake kwa maji yasiyo na nguvu, kutokea upande wa injini. Tukafunga thamostati mpya, tukasafisha njia za maji, tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji safi, na kutoa hewa yote kabla ya kufunga. Jumla laki moja na elfu themanini. Tukapanda Kitonga na nusu ya mzigo, kesho yake na mzigo kamili. Mshale ulisimama katikati mpaka Ilula.

Na ikikukuta njiani: punguza gia, zima kiyoyozi, washa hita. Mshale ukiendelea kupanda, simama. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka.

Ada nimelipa. Lakini kuna jambo limebaki. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilimwandikia mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, “Hana bidii,” kwa sababu alikosa milinganyo yote kumi. Nililitazama daftari lake kama dakika mbili hivi, sawa na yule fundi wa Kitonga. Sikumwita aifanye hata mmoja mbele yangu nione anapokwama. Mwaka huu nikipangiwa tena shule ile ile, nitaanza na yeye.